Divai Isiyopenda Baridi

Katika vilima vyote vya Jura, kule Ufaransa, hakuna aliyezijua divai nyeupe kama Gaspard. Hayo aliyasema Gaspard mwenyewe.

"Nifunge macho," alimwambia binamu yake Clarisse asubuhi ile uani. "Nitakutajia divai, mwaka wake, na chakula chake. Pua hii si ya kupigia chafya tu!"

"Ingeufundisha adabu huo mdomo ulio chini yake," Clarisse akamjibu, akaenda zake kuchuma saladi.

Siku hiyo ilikuwa ya Gaspard. Shangazi Ursule, mwenye mashamba ya mizabibu na ghala la divai, alikuwa amemwambia waziwazi: "Leo anakuja Bwana Perrenot, yule mwenye mkahawa kule mjini. Mhudumie bila kosa, na chumba cha kuonjea ni chako. Ukikosea, utarudi kuosha chupa." Miaka mitatu ya kuosha chupa ilikuwa imevikunja vidole vya Gaspard vikawa kama zabibu kavu.

Mambo yalianza vizuri. Jibini la mbuzi lililookwa juu ya mkate lilipata divai changa ya zabibu za Savagnin. Samaki wa mtoni akapata Chardonnay. Bwana Perrenot alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kilichobaki ni kuku wa uyoga na malai, na mwenzake, divai ya njano.

Gaspard akatoka kwenda kuichukua.

Chupa ile fupi, yenye mabega mapana, ilikuwa imelala ndani ya hodhi la maji ya chemchemi, mahali alipozipoza zile nyingine. Asubuhi, mdomo ukijisifu, mikono ilikuwa imetumbukiza chupa zote tatu. Divai ya njano! Miaka sita na miezi mitatu inalala kwenye pipa bila kuguswa, kisha inafunguliwa mapema na kunywewa kwa joto la chumba. Ukiipoza inanuna, haitoi harufu wala neno. Mtoto yeyote wa kijiji kile analijua hilo.

Afanye nini? Ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwa Shangazi, na kuuomba ni kukiri. Aliibana chupa kwapani ipate joto, akaganda mbavu. Ndipo akasikia sauti kutoka bandani: "Kwo, kwo, kwo."

Kuku wa nyanya yake, Bibi Zélie, alikuwa anaatamia.

"Samahani, mama," Gaspard akanong'ona. Akaizibua chupa ipumue, akaisukuma chini ya yule kuku hadi shingo tu ikabaki nje. Akadonolewa mara nne, naye akavumilia kama askari. Mle ndani ya nyumba alimdanganya Shangazi kwamba uyoga haujaiva, akamsimulia Bwana Perrenot habari za mvua ya mawe, ya mwaka huu na ya mwaka jana, mpaka hata Clarisse akapiga miayo. Kisha akaichomoa chupa, akaifuta, akaileta.

Bwana Perrenot akanusa. Akanusa tena.

"Lozi... ganda la jozi..." akasema taratibu. "Na joto lake limekaa sawasawa! Kijana, umefanyaje?"

Shangazi Ursule alitabasamu, jambo ambalo halikutokea kila mwaka. Gaspard akavuta pumzi, kifua kikajaa.

"Siri ni subira, bwana. Niliitoa tangu alfajiri, nikaiacha juu ya kabati, ikapumua polepole. Divai hii haitaki haraka."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Bibi Zélie aliingia na kikapu cha mayai mkononi, macho yakimtafuta mjukuu wake.

"Gaspard, mwanangu, kuku wangu amesusa kiota, mayai yamepoa," akasema kwa upole. "Nilikuwa dirishani, nikakuona ukimwomba samahani. Sasa kwa kuwa ile chupa imeshapata joto, njoo uyakalie haya wewe."