Matete Yaliyooshwa Mizizi

Wataalamu nawajua. Mwaka themanini na nane walituletea mikaratusi, wakasema italinda chemchemi. Mikaratusi ikainywa chemchemi, wao wakarudi na semina ya upungufu wa maji. Kwa hiyo bwana Godwin wa mradi aliposhuka hapa Kisaka na miche elfu nne ya matete ya kufufua bonde letu, nilikaa nikimsubiri.

Miche aliiosha mizizi. Kisha akaichovya kwenye dawa ya kuua kuvu, mizizi ikatoka myeupe kama meno ya mgombea. "Usafi kwanza," akatuambia. Sisi, tunaolima.

Mama Elieth, mjane mwenye ng'ombe saba na njia moja tu ya kuwafikisha majini, alipanda matete yake kandokando ya njia hiyo. Aliyachimba kwenye kinamasi cha juu, kila tete na donge la tope lake, akabeba kwa karai kichwani. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe: tete halihami bila tope lake.

Godwin akacheka. "Mama, unabeba magonjwa hayo."

Miezi mitatu tu, matete ya Godwin, yaliyopandwa ukingoni mwa maji chini ya kibao cha mradi, yalikauka yote. Ya Elieth yananipita urefu.

Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti Nikolaus akasoma karatasi ya mradi: matete yameliwa na ng'ombe wa Elieth, njia ifungwe kwa seng'enge. Yaani mjane auze ng'ombe, au awatazame wakifa kiu.

Elieth akasimama. "Mwenyekiti, ng'ombe wangu hupita kwenye matete yangu kwanza. Waliyaruka wakaenda kula ya mradi? Wanasoma kibao?"

Watu wakaangua kicheko. Irine, binti wa maabara aliyekuja na Godwin, hakucheka. Asubuhi alikuwa ameng'oa tete la kila upande.

"Shikamoo mama. Tope lako lina kuvu wanaoishi ndani ya mizizi. Wanalitafutia tete chakula, nalo linawapa sukari. Nimewaona kwenye hadubini. Matete yetu hayana hata mmoja. Tuliwaua kwa dawa."

"Irine," Godwin akasema, "hilo litaingia ripoti ijayo."

"Na ng'ombe je?" nikauliza.

"Uamuzi umeshaandikwa, mzee."

Umeshaandikwa! Mtu ameua kwa mkono wake, ameoneshwa maiti, na bado karatasi ndiyo yenye akili. Nikolaus naye, aliyeshiba wali wa semina mara tatu, akagonga muhuri bila kuinua macho.

Kesho yake gari la mradi lilikuja na nguzo za seng'enge. Lilimkuta Elieth njiani na ng'ombe wake saba. Nyuma yake mimi na wangu kumi na wawili, nyuma yangu nusu ya Kisaka na mifugo yao, vumbi hadi barabarani.

Godwin akapiga honi. Elieth akapita ubavuni mwa gari bila kumsalimia, na kundi lote likamfuata majini. Godwin akapandisha kioo.