Mpaka wa Ghorofa ya Nne

Jumamosi saa tatu asubuhi Kagure alipandisha gunia la pili la udongo hadi ghorofa ya nne, nyuma ya soko la Nyeri, akaujaza kwenye ndoo kuukuu za rangi pale roshani na kupanda sukuma wiki. Udongo ulitoka Tetu, kwenye shamba la marehemu mumewe. Shemeji yake, Gikonyo, alikuwa amempiga marufuku kulikanyaga tangu wiki ya mazishi, yapata miaka mitatu sasa, na Kagure si mtu wa kuvunja amri, hata iwe ya kipuuzi namna gani. Kwa hiyo alisimama barabarani, akainama na kuchimba pale mkono ulipofika, mpakani.

Hapo ndipo alipokosea. Ndani ya gunia mlikuwa na mzizi wa itoka, ua ambalo wazee wa kule hupanda kuonyesha shamba linapoishia. Itoka haing'olewi. Hata mtoto wa kutambaa analijua hilo.

Jumatatu itoka ilichipua katikati ya sukuma. Jumanne roshani ilikuwa imeongezeka hatua mbili, kwa sababu shamba lilikuwa limeanza kuufuata mpaka wake. Kufikia Ijumaa palikuwa na miti ya kahawa kumi na miwili, choo cha mabati, na ng'ombe wa Gikonyo, ambaye Kagure alimkamua maana kiwele kilikuwa kimejaa. Kule chini sokoni watu waliinua macho, wakaona, wakaendelea kupanga viazi.

Majirani ndio waliokasirika. Sheila wa ghorofa ya tatu alipanda na shuka lililochafuka, akalikunjua mlangoni.

"Mama, hii mavi inaangukia nguo zangu. Si uende kwenu ukalime huko?"

"Kwetu ndio hii imekuja," Kagure alimjibu.

Mwai, mtunzaji wa jumba, alibandika karatasi mlangoni kwamba mifugo hairuhusiwi. Baada ya kuibandika aliomba maziwa ya chai, akapewa, akaenda zake bila kuibandua.

Jumapili kaburi la mumewe likafika. Lilitulia kati ya miti miwili ya kahawa, na msalaba wake umeinama vilevile ulivyoinama siku ya kwanza. Kagure hakuwa ameliona tangu lifukiwe, na roshani ni yake, hakuna aliyemkataza kuikanyaga. Aliketi kando yake mchana kutwa, akang'oa magugu, akalia mpaka akachoka, kisha akacheka peke yake kwa furaha. Alimwambia mumewe kwamba paa la jikoni linavuja na kwamba ndugu yake ni fisi.

Fisi alikuja Jumatano, akiwa na wazee watatu wa ukoo. Kule Tetu alikuwa amebakiwa na pengo kama la jino. Wazee walipangusa viatu, wakaketi sebuleni, wakapokea chai. Mzee Wamae, mkubwa wao, hakuuliza shamba lilipandaje ngazi. Aliuliza ni nani aliyeng'oa itoka.

"Ni mimi, mzee," Kagure alisema. "Nilikuwa nimesimama barabarani. Kama ningeruhusiwa kuingia, singeguza mpaka."

"Ati uruhusiwe?" Gikonyo alidakia. "Wewe ulizalia ndugu yangu nani?"

Hakuna mzee aliyemkemea. Wamae aliweka kikombe chini.

"Mama, tumekusikia. Lakini hiyo shamba ni ya ukoo. Ikikaa Tetu ni ya ukoo, ikipanda ghorofa ni ya ukoo. Na mwenye kung'oa itoka anatoa kondoo dume. Hiyo hatukuanzisha sisi."

Kagure akatoa kondoo. Mnyama alichinjwa roshani, karibu na choo cha mabati, na wazee wakala nyama humo humo sebuleni. Walipokuwa wakila, Gikonyo aliomba jembe. Akaenda roshani, akaing'oa itoka kwenye ndoo, akaja nayo huku ikidondosha udongo kwenye zulia, akaipanda mbele ya mlango wa jikoni. Aliukanyaga udongo ukashika vizuri. Kagure aliwatazama wazee mmoja baada ya mwingine. Wamae alikuwa ameshika mbavu za kondoo kwa mikono miwili, akaomba chumvi.

Kulipokucha shamba lilikuwa limeingia sebuleni na chumbani. Mahindi yalikuwa yamesukuma kochi ukutani. Gikonyo sasa huja alfajiri kukamua, kwa ufunguo aliopewa na Mwai, na hasalimii mtu.

Kagure anaishi jikoni. Hakanyagi ng'ambo, amri ni ileile. Kila asubuhi huinama mlangoni na kuimwagilia itoka maji, maana ikinyauka shamba litaondoka, na kaburi nalo. Itoka mkono wake unaifikia. Kaburi haulifikii.