Mbuzi Aliyeathirika Moja kwa Moja

Usiku wa jana niliota kesi yangu, kana kwamba kuihangaikia mchana hakunitoshi. Wenzangu huota wanaruka angani. Mimi nimeota nimo mahakamani na viatu vinanibana.

Kwanza niseme kesi yenyewe ni ipi, maana hata ndotoni niliulizwa. Nafundisha elimu ya udongo katika Chuo Kikuu cha Kilulu. Mwaka jana chuo kilitafuta Naibu Chansela mpya, yaani mkuu anayekiendesha siku hadi siku. Nafasi ikatangazwa, watu wakaomba, wakahojiwa hadharani, wakapewa alama. Aliyeongoza ni Profesa Nyange, mama mtulivu anayeijua kazi. Kisha Baraza la Chuo likamtangaza Profesa Mwanjala, ambaye hakuomba wala hakuhojiwa.

Nilikasirika, nikaenda mahakamani. Chuo hakikujibu kwamba uteuzi ulifuata sheria. Kilijibu kwamba mimi hainihusu, kwa kuwa sikuiomba kazi ile, hivyo sikupoteza chochote. Leo saa tatu asubuhi jaji anaamua jambo hilo tu: kama mimi ni mtu anayeruhusiwa kulalamika. Nikiambiwa si mimi, sijui atakuwa nani. Profesa Nyange nilimwomba ashtaki mwenyewe, akaniambia ana watoto shuleni.

Jana jioni nilimwambia mke wangu nimechoka, na kwamba asubuhi nitamwambia wakili aiondoe kesi. Akasema, "Sawa, Baba Mshai. Kula maharagwe yako ulale." Nikala, nikalala.

Sasa niko mahakamani. Jaji ni mizani ya buchari, ile ya kupimia nyama. Ananing'inia kwenye ndoano juu ya meza kubwa, sahani yake ya chuma imeoshwa vizuri, mshale mwekundu uko katikati ya uso. Watu wamejaa na hakuna anayeshangaa. Wakili wa chuo ni kipaza sauti, kile cha kukodi cha kwenye sherehe, kimevaa tai.

"Moja mbili, moja mbili," kinaanza. "Mheshimiwa Jaji, jambo hili halimhusu huyu bwana."

"Umeumia wapi?" Jaji ananiuliza.

"Sheria imevunjwa, Mheshimiwa."

"Sikuuliza sheria imeumia wapi. Sheria haijaleta kesi. Weka maumivu yako hapa."

Najipapasa mifukoni. Maumivu yangu yapo kwenye koti, mfuko wa ndani. Yana ukubwa wa kiazi na bado ni ya moto. Nayaweka kwenye sahani. Mshale hausogei hata kidogo.

"Ni mazito," nasema. "Nimeyabeba mwaka mzima. Hata ngazi za nyumbani siku hizi napanda kwa kupumzika."

"Ni ya kila mtu," anasema Jaji. "Maumivu ya kila mtu hayana uzito hapa. Geuka uone."

Nageuka. Wanafunzi, walimu, wazazi, hadi mlinzi wa getini, kila mmoja ameshika kiazi kama changu. Wakiona nawatazama wanavirudisha mifukoni kwa aibu. Profesa Nyange ameketi nyuma kabisa, na mapajani ana kitu kikubwa kama boga, amekifunika kwa leso. Mshale wa Jaji unatikisika kuelekea upande wake.

"Kuna mwenye maumivu ya kupimika?" Jaji anauliza.

Profesa Nyange anaangalia dari. Nami naangalia dari ili nisimwangalie yeye.

"Isitoshe," kinasema kipaza sauti, "huyu bwana amekuja hapa kabla ya kumaliza ngazi za ndani. Alipaswa kwanza kumpelekea Naibu Chansela malalamiko."

"Malalamiko kuhusu nani?" nauliza.

"Kuhusu Naibu Chansela."

"Nenda," anasema Jaji. "Tutakungoja. Sisi ni watu wa kungoja."

Nafungua mlango wa mahakama na kutokea ofisini kwa Profesa Mwanjala. Chai imeshamiminwa. Ni mtu wa adabu, tumezaliwa kijiji kimoja na siwezi kusema amewahi kunitukana.

"Karibu, Daktari Maghanga. Nilikuwa nakutarajia."

"Nimekuja kulalamika kuhusu wewe, Profesa."

"Ni haki yako." Anavua miwani, anazunguka meza na kuketi kwenye kiti cha wageni, kando yangu. Anakitazama kiti chake kitupu kwa ukali. "Profesa Mwanjala, ni kweli hukuhojiwa?"

Anainuka, anarudi upande wa pili na kuvaa miwani. "Ni kweli. Lakini hajaniuliza mtu anayehusika."

Anavua miwani tena. "Nimeridhika na maelezo yake," ananiambia. "Ameeleza kwa ufasaha."

Tunakunywa chai. Nasikia uchovu ukinishuka mabegani, ule wa kusahihisha mitihani usiku na kukuta karatasi zote zimeandikwa kosa moja.

"Baba yako na baba yangu walichunga pamoja," anasema. "Unataka nini hasa, Maghanga? Unataka kiti hiki?"

"Sikitaki. Nataka uhojiwe."

"Basi?"

"Basi."

Anaweka kikombe chini. "Hata mimi ningependa kuhojiwa," anasema. "Nilijiandaa miaka mingi. Nilikuwa na majibu mazuri sana. Hakuna aliyeniuliza swali."

Nikamhurumia, jambo ambalo liliniudhi sana. Mtu ukimshtaki hutaki kumhurumia.

Anafungua dirisha. Harufu ya nyama inayochomwa inaingia. "Twende," anasema, "watu wetu wanangoja." Tunapita dirishani, kwa sababu mlango sasa ni picha tu ya mlango.

Nje ni kwenye hema la sherehe ya shukrani. Kwetu mtu akipewa cheo, watu wa kwao hukusanyika kushukuru. Hukodiwa hema na viti vya plastiki, kwaya huimba, wazee hutoa hotuba, mbuzi huchinjwa. Mteuliwa huitwa "mtoto wetu" hata kama ana mvi kichwa kizima. Sherehe halisi ya Mwanjala nilihudhuria, maana ni jirani na kutokwenda ni matusi. Lakini nyama niliikataa. Nilisema tumbo limejaa gesi. Nilitaka siku nikisimama mbele ya jaji niwe sina hata tone la mafuta ya sherehe ile mdomoni, na kwa mwaka mzima nimelijivunia jambo hilo kimoyomoyo.

Kwenye mstari wa mbele, mahali pa mgeni wa heshima, ameketi mbuzi wa kahawia. Amekunja miguu vizuri. Ubavu wake wa kushoto haupo, na kupitia hapo naona mgongo wa kiti.

"Shikamoo, Mwalimu," anasema.

"Marahaba."

"Nasikia mnatafuta mtu aliyeathirika na uteuzi huu."

"Aliyeathirika moja kwa moja," nasema. "Tena kuliko umma kwa jumla."

"Mimi nilichinjwa."

Nafikiri. Naitafuta kasoro katika hoja hiyo na siioni.

"Uteuzi ulitangazwa Alhamisi," anaendelea, bila hasira. "Jumamosi nikachinjwa. Bila uteuzi ningekuwa nakula majani kando ya barabara. Wewe Jumamosi ile ulipoteza nini?"

"Usingizi."

"Umeona sasa."

Nainua macho na kumwona Jaji ananing'inia kwenye mlingoti wa katikati ya hema. Kumbe mahakama imetufuata. Mbuzi anashuka kitini, anapanda kwenye sahani kwa utaratibu na kutulia. Mshale unazunguka mpaka mwisho wa namba.

"Haya yanapimika," anasema Jaji, na kwa mara ya kwanza sauti yake ina uhai. "Huyu ana haki ya kulalamika."

"Moja mbili, moja mbili," kinasema kipaza sauti. "Kwa heshima, Mheshimiwa, huyu ni marehemu. Marehemu haleti kesi. Huletewa na anayemwakilisha."

"Nani anamwakilisha?"

"Mimi," nasema.

"Una uhusiano gani naye?"

"Namhurumia."

"Huruma si uhusiano. Warithi wa mbuzi ni wale ambao yumo ndani yao. Yumo ndani ya nani?"

Wazee wanajipangusa midomo. Wanakwaya wanajipangusa midomo. Mwanjala anajipangusa kwa kitambaa cheupe. Nyuma kabisa Profesa Nyange anainua ncha ya leso yake, ile iliyofunika boga, naye anajipangusa taratibu. Nilihisi vibaya kuona hivyo kuliko yote niliyoona mwaka huu.

"Kila mmoja wenu ana kipande cha haki yake," anasema Jaji. "Nani atazungumza?"

Kwaya inaanza kuimba chinichini, Jaji anaikataza.

"Mimi sikula," nasema kwa sauti. Nilikuwa nimelitunza neno hilo kwa siku kama hii. Lilipotoka tu nikajua nimejimaliza.

"Elimu ya udongo unaijua," anasema Jaji, "lakini hili hukulifikiria. Kama hukula, huna chako ndani yake. Wewe ni msafi, Daktari, na msafi hapa hana kesi."

Hapo nilichoka kabisa. Nasema bila aibu, nilitamani nilale ndani ya ndoto ile ile, nijilaze kwenye nyasi chini ya viti na watu wanipite. Waliokula hawataki kusema. Asiyekula haruhusiwi kusema. Nani basi aliyetengeneza mlango huu, na kwa nini aliupaka rangi nzuri hivi?

"Mwalimu," anasema mbuzi kutoka kwenye sahani, "kuna ubavu mmoja umebaki. Ule uliopewa ukaukataa. Sahani yako ipo bado."

Kweli ipo. Iko kwenye kiti nilichokalia siku ile, imefunikwa kwa sahani nyingine. Nafunua. Nyama imepoa na mafuta yameganda meupe.

"Nikila nitakuwa nimeshukuru," nasema.

"Utakuwa umekula. Kushukuru ni kazi nyingine ya mdomo."

"Akila, amekubali uteuzi," kinasema kipaza sauti.

"Asipokula, haimhusu," anasema Jaji. "Yote mawili ni kweli. Chagua, nina kesi nyingine za kupima."

Namtazama mbuzi. Macho yake yamelala, hayana kisasi. Yanafanana na ya mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri na sasa hajali tena ni dirisha lipi litafunguliwa.

"Itakuuma?" namuuliza.

"Imeshaniuma."

Nauma. Nyama ni ngumu, chumvi imezidi, imeshika moshi wa kuni mbichi. Natafuna. Watu wote wananitazama, wengine kwa furaha kwamba hatimaye nimekuwa mwenzao. Mwanjala ananitolea kitambaa chake nijipanguse. Sikipokei.

"Sasa," anasema Jaji, "umeumia wapi?"

Nilikuwa na jibu la kisheria. Nilikuwa nalo tangu mwaka jana, wakili alinifundisha. Lakini mdomo umejaa, kwa hiyo nainua mkono na kuuweka upande wa kushoto, chini ya moyo, mahali ambapo mbuzi hana kitu. Panauma kweli. Pananiuma mimi, si kila mtu. Nauona mshale mwekundu ukianza kusogea, polepole, na nyuma ya hema Profesa Nyange anasimama na boga lake mikononi.

Sikuona mshale ulisimama wapi. Mtu ananitikisa bega.

"Baba Mshai. Baba Mshai, unatafuna nini?"

Kumekucha. Mke wangu ameinama juu yangu, khanga begani. "Umetafuna usiku kucha," anasema. "Nilidhani umekuwa na minyoo."

Nikaketi. Nikahisi kitu kimenasa kati ya magego mawili ya nyuma. Nikakigusa kwa ulimi, ni uzi wa nyama, mgumu, wenye chumvi na moshi.

"Jana tulikula nini?" nikamuuliza.

"Maharagwe."

"Juzi?"

"Maharagwe. Nyama humu ndani iliingia Krismasi. Mbona unauliza kama mgeni?"

Nikafungua mdomo nikamwonyesha. Alisogea dirishani nami, akanigeuza uso kwenye mwanga, akachungulia muda mrefu kuliko daktari wa meno. Kisha akanusa. Alikwenda jikoni akarudi na kijiti.

"Toa," alisema.

"Acha kwanza. Kikae mpaka saa tatu."

Alinitazama, akakitazama kijiti, akakichomeka kwenye nywele zake. Halafu akaenda kunipigia pasi shati jeupe, ambalo jana jioni alikuwa amesharudisha kabatini.

Wakili alipopiga simu kuuliza kama aiondoe kesi, nilimwambia aiache ilivyo, tutakutana mlangoni. Aliuliza mbona sauti yangu imebadilika. Nilimwambia hakuna kitu, ni vile nazungumza kwa upande mmoja wa mdomo.