Chura wa Bernadeta

Selina Mayala alikuwa juu ya mlima huko Malaysia, akitafuta vyura, siku mama yake alipozikwa kwao Nansio. Hakuwahi mazishi. Baadaye alitangaza spishi mpya, chura wa milimani mwenye vipembe vya ngozi juu ya macho, ukimwona chini utadhani jani kavu. Akampa jina la mama yake, Bernadeta, kwa Kilatini cha wataalamu.

Miaka ikapita, akarudi kufundisha Mwanza. Asubuhi moja akiwa kwake Buhongwa, akapigiwa simu na Chenge, mtafiti aliyesoma naye kule Malaysia.

"Dada, majibu ya vinasaba yametoka. Chura wako wa kaskazini na yule wa kusini aliyejulikana zamani ni mmoja. Tumemkuta milima yote ya katikati."

"Mlio je?"

"Unabadilika kidogo kidogo, mlima hadi mlima. Mpaka kati yao hauonekani."

Selina alielewa. Wakiwa chura mmoja, jina lililotangulia ndilo linalobaki, na la mama yake linafutwa.

"Tukuandike nawe kati ya waandishi wa makala?" Chenge aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niandikeni. Ni kweli."

Akakata simu, akaosha vyombo.

Jumamosi alipanda meli hadi Nansio. Baba yake, Mzee Mayala, alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukusema unakuja?"

Alimweleza pale pale, bila kuzunguka. Mzee akaweka kisu chini. Kanisa zima lilijua kuwa marehemu mkewe ana chura wake ng'ambo.

"Nani kamfuta?"

"Mimi na wenzangu, baba. Nimekubali."

"Ungekataa?"

"Wangeandika bila mimi. Na chura angebaki yuleyule."

Mzee alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Selina akachukua kisu, akaendelea kumenya. Alingoja machozi, hayakuja. Aliona tu mikono yake ikifanya kazi, kama ya mtu mwingine.

Baba aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Kumbe anakaa milima mingi hivyo?"

"Mingi, baba. Tulidhani ni mlima mmoja tu."

"Haya." Akavuta kigoda, akaketi karibu naye. "Kesho kanisani nitawaambia mwenyewe. Wewe usiseme kitu."

Selina akaitikia kwa kichwa, akabandika sufuria jikoni.