Kiuno cha Josepha

Mwaka ule wa Uhuru mimi na mume wangu Salehe tulikuwa na cherehani moja, kibarazani kwetu, Mwanza mjini. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi, na sheria yake ilikuwa hii: kabla hujagusa kitambaa, andika kwenye daftari majina ya vipimo vyako. Kisichobadilika kwa mteja yeyote, kama ile inchi moja na nusu ya ziada kwenye kila ukingo wa mshono wa ubavuni, kiandike kwa wino. Kifua, kiuno na urefu viandike kwa penseli, maana mtu hupimwa upya kila ajapo.

Mimi kiuno cha shoga yangu Josepha nilikiandika kwa wino. Ishirini na saba. Nilimpima Aprili, na chai tulikunywa pamoja kila siku, nikaona huyu namjua.

Novemba akaleta kitambaa cha maua ya njano, mama yake kamletea kwa meli kutoka Bukoba. Yadi nne, na madukani kwetu hakikuwa na ndugu. Alitaka gauni la siku ya Uhuru. Nikamwambia hakuna haja ya kupima, naye akakubali upesi mno. Nikakata.

Siku mbili kabla ya sherehe akaja kulijaribu. Zipu ikagoma kiunoni. Akasema labda cherehani yetu imekula kitambaa. Salehe akatazama daftari, akaona wino, akanipa futi, akatoka kwenda kupuliza makaa ya pasi. Nikapima: thelathini na nusu.

"Josepha, huyo tumboni wa lini?"

"Wa Mei ijayo. Na ukimwambia mama mkwe wangu kabla yangu, ndizi za Bukoba utazisikia harufu tu."

Nilitaka kulia kwa ajili ya kile kitambaa. Salehe akarudi, akaketi, akafumua mishono ya ubavuni kwa wembe. Kila ukingo ulikuwa na ile inchi moja na nusu. Tukaacha nusu, tukapata inchi nne kuzunguka. Zipu ikapanda. Josepha akavuta pumzi mara tatu kuhakikisha.

Jumamosi alicheza uwanjani mpaka viatu akavishika mkononi. Jumatatu akaja mama mkwe wake, Teodora, na kitambaa kipana, akaomba gauni jingine la mkwewe. Nikachukua penseli, nikaandika neno kifua, nikaandika neno urefu. Nilipofika kwenye kiuno akanishika mkono.

"Hapo andika jina tu, mwanangu. Namba tutaijaza baadaye."