Aliyeachia Mlango

Asylkan alikuwa fundi cherehani pale sokoni, mjane wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa maneno. Mkabala naye palikuwa na duka la dawa, na muuzaji wake, binti aitwaye Begimai, alizoea kuvuka barabara kuja kunywa naye chai. Begimai alimtania mwenyeji wake kwamba sukari anayotia ingetosha harusi nzima. Binti alikuwa na mpango wa kwenda Bishkek, mji mkuu, kusomea uuguzi, na Asylkan alikuwa ameshamshonea koti la kuondokea.

Alasiri moja ya vuli gari jeupe lilisimama mbele ya duka la dawa. Vijana watatu wakashuka, wakambeba Begimai juujuu mbele ya soko zima. Alirusha mateke hadi kiatu kimoja kikamvuka. Watu waliacha biashara zao wakatazama. Wengine walicheka, kile kicheko cha watu waliokuja kuona bibi harusi. Mwanamke mmoja alitoa simu akaanza kurekodi.

"Mama Asylkan!" Begimai aliita. "Siwajui hawa, mama!"

Asylkan alitoka mbio, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni, akaukamata mlango wa gari kwa mikono miwili kabla haujafungwa.

"Mwacheni mtoto wa watu."

Aliyekaa mbele, kijana mtanashati aitwaye Taalai, wa ukoo uliojulikana mjini, alimtabasamia. "Usijisumbue, mama yangu. Huyu ni mchumba wangu. Kondoo ameshachinjwa, bibi yangu kizee anamngoja na mtandio wa kumfunga bibi harusi. Anaona haya tu mbele za watu."

"Mwongo," Begimai alisema, akihema. "Mama, anadanganya."

Tokobai, muuza matikiti, akamshika Asylkan bega. "Na wewe nawe. Si ulichukuliwa hivihivi? Ulilia mpaka sauti ikakauka, na leo wajukuu wamekujaa nyumbani. Mambo ya watu hayo, waachie wenyewe."

Watu wakacheka tena. Tokobai hakusema uongo. Asylkan naye aliwahi kubebwa namna ile, barabarani, watu wakitazama. Marehemu mumewe hakuwa mtu mbaya, na katika miaka yote ile Asylkan hakumwambia mtu yeyote kwamba hakuipenda ile nyumba hata siku moja. Akawaza: pengine wamekubaliana kweli. Pengine ninamharibia mtoto jina. Akitazamwa na soko zima, vidole vyake vikalegea. Taalai akauvuta mlango, gari likaondoka.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Zuura, mama yake Begimai, aliyekuwa akifua, wakakodi gari mpaka kijijini kwa akina Taalai. Walikuta shughuli imepamba moto, masufuria yanachemka, wanawake wanaimba. Bibi kizee wa Taalai alikuwa amejilaza kizingitini kwa urefu wake wote ili binti asitoke; alijikunja kuwapisha wageni, kisha akajinyoosha tena. Nani angethubutu kumruka kikongwe kama yule, laana yake imfuate mpaka kaburini? Ndani, nyuma ya pazia, Begimai alikuwa akiuvua mtandio mweupe, nao wanawake wakimfunga tena.

"Mama, nipeleke nyumbani," alisema alipomwona Zuura.

Zuura alipiga magoti, akamshika uso. Alikuwa akilia. "Nikikurudisha watu watasema nini, mwanangu? Umeshaingia nyumba ya watu. Nani atakuoa tena? Kaa tu. Utazoea. Sote tulizoea."

"Zuura, muulize anataka nini," Asylkan alisema.

"Kwani wewe nani wake?" mwanamke mmoja akamgeukia. "Shangazi? Mama mkubwa?"

Asylkan akamgeukia binti. Begimai alimtazama, na hakumtazama kwa hasira. "Ulikuwa umeshaushika mlango," alisema polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa jambo.

Asylkan alipita kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza, akatabasamu, akamwambia mama mzazi ameridhika, sasa yeye alitaka nini, kuvunja nyumba ya watu?

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Begimai alijaribu kutoroka. Taalai alimkuta njia kuu akisubiri gari la kwenda Bishkek, akamrudisha, akampiga. Begimai alikufa kabla hajafikishwa hospitali.

Hapo ndipo mji ulipolia. Wapelelezi walikuja sokoni kuuliza nani aliona siku binti alipochukuliwa. Yule mwanamke wa simu alikuwa ameshaifuta video. Tokobai alisema siku ile alikuwa akipakua matikiti, amewapa mgongo.

"Ulinishika bega, Tokobai," Asylkan alimwambia walipobaki wawili.

"Nilikushika, sawa. Na nina watoto, na ukoo wa Taalai unaujua. Nikisema, yeye atafufuka?"

Kwa hiyo alikwenda mahakamani peke yake. Alieleza yote, kiatu, kicheko, jinsi alivyoitwa kwa jina. Wakili wa Taalai alimwacha amalize. Alikuwa kijana mpole, akimwita mama kila mara.

"Mama, ulimpenda huyu binti?"

"Kama wangu wa kumzaa."

"Na mlango ulikuwa mikononi mwako. Hakuna aliyekupiga wala kukutishia."

"Hakuna."

"Basi ungekuwa umeona binti unayempenda anatekwa kweli, ungeuachia?"

Asylkan alitaka kueleza habari ya kicheko cha watu, lakini kicheko hakina uzito mahakamani. "Niliuachia," alisema hatimaye, na karani akaandika hivyo.

Shtaka la utekaji likafutwa kwa kukosa ushahidi. Kwa kifo, Taalai alipewa miaka michache jela. Hakimu alisema kijana alipandwa na hasira kwa kukimbiwa na mkewe.

Nje, Zuura alikuwa amesimama kwenye ngazi na jamaa zake. Asylkan alimkaribia, akamwomba msamaha.

"Usiniombe," Zuura alisema bila kugeuza uso. "Wewe ulimwachia mara moja. Mimi alinishika mkono nilipokuwa ninaondoka pale kwao, nikamtoa vidole kimoja kimoja."

Jamaa zake wakamwita, akateremka ngazi. Asylkan alibaki pale, watu wakimpita, wengine wakimsalimu kwa adabu.