Mikono Miwili ya Kushoto

Karakana nzima walimwita Mama Mikono, na jina hilo halikuhusu ukarimu. Tangu alipoanza kazi pale akiwa na mtoto mgongoni, hadi mtoto huyo akaota ndevu, alikuwa akishona mikono ya makoti tu. Mwingine alishona kola, mwingine mifuko. Wifi yake, dada wa mumewe, alikaa mashine ya jirani akitengeneza matundu ya vifungo. Mikono ilimfikia ikiwa imekatwa tayari. Aliiunga, akaigeuza, akaitupa kapuni. Koti likishakamilika lilipita upande wa pili wa ukumbi kwenda kupigwa pasi, naye akalitazama kwa mbali kama mtu anayepita mbele ya harusi asiyoalikwa.

Mtoto wa mwisho alipohama nyumbani, kimya kilimletea mawazo. Alijiona ni mtu aliyeshona mikono maisha yake yote bila kujua mwili unaokaa katikati. Akajiandikisha darasa la jioni la ukataji wa nguo. Mwalimu alikuwa na umri wa binti yake, akimwita "mama", naye akimjibu "naam, mwalimu", akikaa mbele kabisa kwa sababu ya macho. Kila somo alilianza kwa sala fupi chini ya dawati: "Ee Mungu, kichwa changu kimeshaanza kuwa na mvi, lakini hakijajaa. Kiongezee."

Hakumwambia mtu kazini. Ila siku mkataji wa karakana alipoacha kazi kuifuata familia yake mbali, msimamizi alisimama katikati ya mashine akauliza nani anaweza kushika mkasi. Watu wakainamisha vichwa. Mkono wa Mama Mikono ukainuka kabla mwenyewe hajaushauri.

"Wewe?" msimamizi akashangaa.

"Mimi, bwana. Najifunza."

"Mama, kukata si kushona. Mshono ukikosea unaufumua. Kitambaa ukishakikata vibaya, utafumua nini?"

Wifi yake hakuweza kujizuia. "Wifi yangu, wahenga walishakuwekea wosia! Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wewe ibusu tu hiyo mikono yako, tusije tukaaibika ukoo mzima!"

Karakana ikaangua kicheko. Hata yeye alicheka.

Msimamizi hakuwa mkatili, alikuwa na oda kubwa. Alisema Jumatatu asubuhi Mama Mikono atakata koti moja mbele yake. Likikubali, meza ya kukatia ni yake. "Lakini mashine yako nampa yule binti mgeni aliyekuja kuomba kazi, kuanzia asubuhi hiyohiyo," akaongeza. "Siwezi kuacha kiti kikae kumsubiri mtu anayejaribu bahati. Koti likikataa, mama, sina pa kukuweka. Fikiria. Bado unaweza kuushusha huo mkono."

Hakuushusha. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiuliza kwa nini.

Mumewe, fundi saa, alimsikiliza huku lenzi ikiwa imembana jichoni. "Mama watoto, sisi tumeshafika jioni," alisema taratibu. "Jioni watu huanua nguo, hawaaniki nyingine."

"Jioni pia watu huenda darasani."

"Na ukikosa kote kuwili? Mshika mbili moja humponyoka."

"Mimi nimeshaiachia moja. Ndiyo maana moyo unanienda mbio hivi."

Fundi saa akairudia saa yake. Baadaye Mama Mikono alimwona mumewe amemchukulia mkasi wake mkubwa, anaunoa polepole kwenye jiwe, anajaribia ukali wake kwenye kona ya gazeti. "Usije ukasingizia mkasi," akasema, bila kumtazama.

Jumapili baada ya ibada Mama Mikono alitandaza karatasi za vipimo kwenye meza ya chakula. Mwalimu alikuwa amewafundisha kuandika kila uso wa karatasi, maana karatasi hulazwa huku au huku, na upande ukikosewa, koti limekosewa. Kwenye vipande vikubwa aliandika maneno mazima: mgongo, kifua. Karatasi ya mkono ilikuwa na mistari mingi na nafasi ndogo, basi akaandika herufi ya kwanza tu, kubwa, ili macho yasihangaike. Uso mmoja kushoto, uso wa pili kulia. Kisha akaziwekea mikono juu zile karatasi kama mtu anayeombea wagonjwa.

Jumatatu alifika akakuta binti mgeni ameshakaa kwenye kiti chake. Hata mto wa kukalia, ule alioushona kwa mabaki, ulikuwa chini ya yule binti. "Shikamoo mama," binti alisema kwa haya, akitaka kusimama.

"Marahaba mwanangu. Kaa. Mashine hiyo uzi wake unapenda kukatika, iendee pole."

Alisimama mezani. Ajabu, mtu aliyekaa miaka yote hiyo, akisimama anaona miguu si yake. Msimamizi akamletea kitambaa cha koti la mhudumu wa hoteli, kizuri, kinachong'aa usoni na kufifia mgongoni. Upana wake ulikuwa mdogo, hakikunjiki mara mbili. Kila kipande kilibidi kilazwe peke yake. Darasani walikunja, pande mbili zikatoka kwa mkato mmoja. Jasho likamtoka viganjani, akajifuta kwenye kanga, akajifuta tena.

"Bismillah," wifi yake alisema kwa sauti, nusu dua na nusu utani. Mashine zikapunguza kelele.

Alikata mgongo. Alikata vifua viwili, akapumua. Alikata kola. Mkasi ulilia vizuri, mumewe alikuwa ameunoa hasa. Mikono aliiacha mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyobakiza nyama pembeni ya sahani, maana mikono ndiyo aliyoijua. Akalaza karatasi, akaona K, akakata wa kushoto. Akaizungusha karatasi, akailaza tena sehemu iliyobaki, akaona K, akakata wa kulia.

"Umemaliza?" msimamizi akauliza.

"Bado kidogo, bwana." Alichukua ile mikono miwili, mmoja kila kiganja, kama alivyozoea kuipokea. Na viganja vikajua kabla ya macho. Mkono wa koti una mbele na nyuma. Mbele umechimbwa zaidi pale begani. Hii yote ilikuwa imechimbwa upande mmoja.

Aliitazama karatasi. K. Akaigeuza. K.

Kushoto, na kulia. Mtu mzima mwenye akili zake, amekaa mezani na kalamu, akaandika K na K! Hakuwa ameigeuza karatasi hata kidogo, ameizungusha tu. Masikio yakamvuma. Aliangalia kiti chake, binti amekikalia. Aliangalia mlango, u wazi. Msimamizi alikuwa akivikagua vifua, hajafika mikononi. Angeweza kuifunga bunda moja, ikaenda hivyo, ikamwangukia binti aliyekaa kwenye mto wake. Mkataji aliyepita hakufanya hivyo mara moja wala mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akiipokea.

"Ee Mungu," alisema moyoni, na hakupata neno la kufuatia.

"Bwana," alisema kwa sauti. "Nimekata mikono miwili ya kushoto."

Mashine zikanyamaza zote. Kisha mtu akacheka puani, na wifi yake akasema, "Yarabi! Mama Mikono kwenye mikono?"

Msimamizi alivua miwani. "Kitambaa kimeisha, mama."

"Kimeisha. Naomba unipe nafasi nione."

Msimamizi hakumkataza. Mama Mikono aliulaza ule mkono wa ziada, uso juu, akaigeuza karatasi, sasa kweli, akaiweka juu yake. Ilikaa karibu yote. Palipungua kipande kimoja tu, chembamba kama mwezi mwandamo, palepale kwapani. Akatafuta kwenye mabaki, kipande kwa kipande. Akapata. Akageuza nyuzi zifuate upande mmoja. Akakata kile kimwezi, akakipachika kwa pini, akaukunja mkono jinsi unavyokaa ukivaliwa.

"Koti lina kiraka," msimamizi alisema.

"Lina kiraka, bwana. Kwapani. Mvaaji asipoinua mkono hakionekani."

"Na akiinua?"

"Akiinua anaaga mtu. Watu watamtazama usoni."

Wifi yake alicheka wa kwanza, safari hii kicheko kingine. Msimamizi hakucheka. Aliuchukua mkono ule, akaenda nao dirishani, akakaa huko. Mama Mikono alibaki amesimama, hana meza, hana mashine, na mikono yake mwenyewe hakujua aiweke wapi. Alijaribu kufikiria atamwambia nini mumewe. Akaona jiwe la kunolea, na mkasi uliokuwa mkali kuliko mwenye nao.

Msimamizi aliporudi aliweka mkono mezani. "Yule bwana aliyeondoka alikuwa akikosea, tunakuja kujua koti liko kwenye pasi. Wewe umesema mkasi haujapoa." Akavaa miwani. "Kesho utaanza na bitana. Bitana tu, mama, kile cha ndani ya koti, hakuna kitambaa cha mteja hadi nikwambie. Na hiyo K yako uiangalie, isije ikaniulia karakana."

"Ahsante, bwana."

Msimamizi alipoondoka, wifi yake akaja na chaki. "Sasa utaandika nini, wifi? Andika kama bibi zetu: kulia ni mkono wa kuume, kushoto ni mkono wa kike."

Mama Mikono alifikiri. "Kuume. Kike. Zote K, wifi yangu."

"Loo! Kumbe ni lugha nzima ilikuwa inakuvizia!"

Walicheka hadi wakashikana mabega, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka Mama Mikono, asijue ni ya kitu gani. Alijifuta kwa kanga. Akachukua chaki, akageuza karatasi ya mkono, akaipiga mstari K moja na kuandika A, kisha akaiandika A hiyohiyo nyuma ya mkono wenye kiraka.

Baadaye ule mkono wenye kiraka ukafika kwa binti mgeni. "Mama," aliita kutoka kwenye kile kiti, "hii A ni upande gani?"

"Wa kulia, mwanangu. A ya amina, ile ya kufunga sala."

Binti akaitikia, akaanza kushona. Uzi ukakatika. Mama Mikono alinyanyua mguu kwenda kumsaidia, akasita, akaurudisha mahali pake. Kesho ilikuwa bitana. Alianza kuyakusanya mabaki mezani, na kila kipande alichokishika alikigeuza kwanza, akatazama uso na mgongo, kisha akakigeuza tena.